Ndege ya Kapteni na Barua ya Kiwanda

Benchi lililo mbele ya kinyozi hukaliwa na watu walewale kila asubuhi, na kila mmoja ana lake la kusema kabla kahawa haijapoa. Siku hiyo walikuwapo Kinyozi mwenyewe, Karani aliyestaafu lakini hajastaafisha kalamu mfukoni, na dereva wa lori wanayemwita Tani Kumi. Wa nne, Kapteni, alifika amechelewa, akakaa pembeni, akapokea kikombe asinywe. Kapteni hajawahi kurusha chombo chochote. Ni fundi friji. Jina alipewa na benchi hilohilo alipoagiza ng'ambo ndege nyepesi ya watu wawili, ikaja vipande vipande kwenye masanduku, akaanza kuiunga bandani nyuma ya nyumba yake.

Ndege ilikuwa imekwisha, rangi imekauka, injini inanguruma vizuri. Usajili ndio uliokwama, tena kwa barua moja tu. Mamlaka ya anga ilitaka kiwanda kilichouza vile vipande kithibitishe kwa maandishi kwamba ndege imetoka kwake na imekidhi viwango. Kiwanda hakikuwa na neno, kiliomba tu picha za kazi kila hatua. Mke wa Kapteni alimsihi mumewe azitume mapema. Kapteni akasema atatuma zote kwa mpigo, waone kitu kilichokamilika. Siku alipokaa kuzituma, kiwanda kilikuwa kimefilisika, na hakuna aliyepokea simu.

Sasa alikuwa ameamua kuiuza ndege na anamsubiri mnunuzi, na wenzake hawakutaka kulisikia hilo. Tani Kumi aliuliza ndege ina matairi mangapi. Alipoambiwa matatu, akashauri isajiliwe kama pikipiki ya miguu mitatu, maana chombo kikishakuwa na namba hakuna atakayeuliza habari za mabawa. Kinyozi akaona hiyo ni njia ndefu: ifungwe kamba, aseme ni tiara ya watoto ya kurusha, tiara haiombewi cheti. Karani akawacheka wote wawili. Kwake dawa ilikuwa kufungua kampuni yenye jina lilelile la kiwanda, Kapteni ajiandikie barua mwenyewe, na mhuri yeye anajua unakochongwa.

Hata Kapteni alitabasamu kidogo. Kisha Karani akashusha sauti.

— Basi achana na kiwanda. Si kuna mlango wa watu wanaojiundia ndege wenyewe?

— Upo. Afisa alinieleza vizuri sana, hata kiti alinipa. Ila sehemu kubwa ya kazi iwe ya mikono yangu.

— Na si ni yako?

— Mabawa yalikuja yameshaungwa. Mkia pia. Mimi nimefunga injini, nimevuta nyaya, nimepaka rangi.

— Nani atajua?

— Kuna mtu siku moja atapanda ile ndege, Karani, akiamini kilichoandikwa.

Kapteni hakuwa na kinyongo na ofisi. Kilichomla moyo ni mhandisi mmoja wa kiwandani aliyekuwa akimjibu barua zake upesi, na ambaye kabla ya mambo kuharibika alimkumbusha zile picha. Kapteni alimjibu kwamba bado kidogo. Lilikuwa jibu la mtu anayedhani wengine watakuwepo tu, wakimngoja.

Gari dogo la mizigo lilisimama. Akashuka mnunuzi, mama mmoja mwenye uwanja wa michezo ya watoto, pamoja na wapagazi wawili. Aliwaamkia wazee, wakamsogezea nafasi, wakampa kahawa. Akaeleza kwamba ndege atailaza juu ya nguzo langoni mwa uwanja wake, bila injini. Kisha akamgeukia Kapteni.

— Baba, watoto wataniuliza, nami sipendi kuwadanganya. Iliwahi kuruka?

— Hapana. Haikuwa na ruhusa.

— Nimeelewa. Lakini ingeruka?

Kapteni aliwahi kuketi ndani ya ile ndege bandani, injini ikiwaka, banda zima likitetemeka, naye akashika usukani akiwa amefumba macho. Lakini kama ingenyanyuka ardhini, hakujua. Aliwatazama wenzake. Tani Kumi alikuwa anatazama barabara. Karani alifungua kalamu, akaifunga. Kinyozi alimwonyesha muuza kahawa kikombe kitupu, yule akatikisa birika: imekwisha.

— Twende nikawaonyeshe ilipo, Kapteni akasema.

Bandani, wapagazi walishika bawa kwa ukingo wake wa nyuma, wakawa wanalinyanyua.

— Sio hapo, Kapteni akawaambia. Shikeni huku, kwenye ubavu. Hapo mkipabonyeza, hewa haitapita sawasawa.

Mpagazi mmoja alimtazama yule mama. Kisha akahamisha mikono yake, taratibu, akashika pale alipoambiwa.