Ubao Ulikuwa Umegeuzwa

VALARY: Haloo? Mama? Huko Homa Bay mko salama?

CLIFFORD: Si mama. Ni mimi, Clifford. Nimeomba simu yake.

VALARY: Ala! Kaka daktari mwenyewe. Leo umenikumbuka.

CLIFFORD: Wacha mchezo. Baba amenipigia. Eti alikuja hapo kliniki kupimwa macho, na fomu yake ya leseni imekataliwa?

VALARY: Imekataliwa na Daktari Omanga. Mimi ni wa kujitolea tu. Si ulisema kazi yangu ni kuosha chupa za matone?

CLIFFORD: Na ni uongo? Miezi sita uko Migori unashikia watu tochi, chuo hata hujaingia, unajiona bingwa. Mimi niko mwaka wa tatu wa udaktari, Val. Wa tatu!

VALARY: Na umepima wagonjwa wangapi?

CLIFFORD: Wodi tunaanza mwaka ujao, kwa hivyo—

VALARY: Yawa! Hata mmoja?

CLIFFORD: Sikia, shule zinafunguliwa Jumatatu. Baba asipopeleka hiyo fomu, basi la watoto wa nasari anapewa dereva mwingine. Tulimtuma Migori kwa sababu wewe uko hapo. Tulidhani una akili.

VALARY: Mlidhani nitanyamaza. Sema vizuri.

CLIFFORD: Umeaibisha mzee mbele ya watu!

VALARY: Mimi? Sikiza basi nikwambie nani alimwaibisha. Ule ubao wa kupimia macho una pande mbili, unajua? Au hamjafika hapo kwenye vitabu?

CLIFFORD: [anasonya] Endelea.

VALARY: Upande mmoja una herufi. Upande wa pili una E tupu, zimeangalia huku na huku, za wale hawajui kusoma. Mtu anaonyesha tu kwa mkono E imeangalia wapi. Sasa mbele ya baba alikuwa dani mmoja, bibi kizee wa Karungu, hajui A wala B. Nikamgeuzia ubao. Alipotoka, nikasahau kuurudisha. Uko?

CLIFFORD: Niko. Mtandao unakwaruza.

VALARY: Unakwaruza wapi? Nasikia hadi kuku wa mama. Baba akaingia, amevaa koti la kanisani. Hata sijamwambia aanze, akasimama wima kama mtoto wa kwaya. "E! F, P! T, O, Z!" Akashuka hivyo mpaka mstari wa chini kabisa. Hakukosa hata moja. Na ukutani, Clif, kulikuwa na E tu.

CLIFFORD: Labda alichanganyikiwa—

VALARY: Wagonjwa kwenye benchi walicheka. Baba naye akacheka nao, hajui wanacheka nini. Mimi ndiye nilikuwa nimesimama pale na kijiti cha kuonyeshea.

CLIFFORD: Sasa si ungegeuza tu ubao, asome tena?

VALARY: Asome nini, na ameshakariri? Nilimuuliza amefundishwa na nani. Akasema alisikia wenzake kwenye foleni.

CLIFFORD: Basi. Unaona? Foleni. Watu wanasikiana.

VALARY: Foleni gani? Alifika asubuhi na mapema. Mbele yake alikuwa yule dani peke yake, na dani hakutamka herufi hata moja. Baada ya hapo akatoa leso afute macho, karatasi ikaanguka. Herufi zote ziko hapo, mstari kwa mstari, kubwa kubwa. Nyuma yake ni mtihani wa anatomia. Ulipata alama ishirini na tisa, hongera. Jina liko juu.

CLIFFORD: Val...

VALARY: Amekudanganyia mpaka mwisho. Mzee wa kanisa, anadanganya binti yake ili usionekane mjinga.

CLIFFORD: Daktari ameona hiyo karatasi?

VALARY: Ee, hilo ndilo la kuuliza!

CLIFFORD: Nauliza tu! Wakijua chuoni—

VALARY: Krismasi alikwambia anajigonga mlangoni akiingia. Nilikuwa hapo. Ukasema ni uzee, ukarudi kwa sahani yako ya kuku. Dani asiyejua kusoma ameona E zote, na wewe wa mwaka wa tatu hukuona baba yako.

CLIFFORD: Sikujua ni kitu kikubwa, walai. Nilitaka tu apate ile fomu. Karo yangu inatoka kwa hilo basi, unajua.

VALARY: Na watoto thelathini wako ndani ya hilo basi. Hilo pia najua.

CLIFFORD: [sauti ya chini] Ni nini? Mtoto wa jicho?

VALARY: Presha ya macho. Kilichoenda hakirudi. Kilichobaki kinashikiliwa na matone, kila siku mpaka afe. Kesho nenda stendi ya huko Homa Bay umpokee. Usimwache avuke barabara peke yake.

CLIFFORD: Nitaenda. Val, ngoja, kredo ya mama inaisha— kilichobaki ni kiasi gani? Anaona nini?

VALARY: Sasa hivi namwona hapo nje, dirisha hili tu liko katikati yetu. Nimempungia mkono mara mbili. Ameangalia papo hapo nilipo—

CLIFFORD: Ndio?

VALARY: —na anamuuliza mlinzi kama nimeshaenda nyumbani.

CLIFFORD: Val, mwambie baba kwamba mimi— haloo? Haloo?

[simu imekatika]