Maneno Niliyomnyima Melchior

Sikilizeni wanangu, Yaseen na Houda, na mninyanyulie huo mto nipate pumzi, maana daktari amekwisha kusema lake na mimi sina mengi ya kuwaachia: nyumba hii ya Buyenzi mgawane kama dini inavyoagiza, na mashini ya kuandika, iliyowalisha miaka thelathini nikiwaandikia watu barua nje ya posta pale Rohero, aichukue Houda.

Usikunje uso, Yaseen. Wewe unamwaga alama za mikato kwenye barua kama mtu anayelisha kuku. Nilikufundisha tangu hujaota ndevu: jaribu kuitoa ile habari ya katikati ya sentensi, na kama anayetajwa bado anajulikana, habari hiyo ni pambo, izungushie mikato, kama hajulikani tena, iache ishikamane naye. Mwenye mke mmoja huandika, "Mke wangu, anayekaa Buyenzi, anaumwa." Yule muuza vitenge mwenye wake wawili ukamwandikia vivyo hivyo, ofisi ikauliza ni mke yupi, nawe ukacheka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Na wateja wenyewe niliwadharau, wakubwa wa Kiriri wasiojua sentensi inaishia wapi, na wachukuzi wa bandarini wanaoanza kila habari na babu yao. Hata hivyo desturi yangu ilikuwa moja: karatasi haitoki kwenye mashini kabla sijamsomea mwenyewe neno kwa neno.

Mara moja sikusoma. Mwaka wa tisini na tano, watu walipokimbia mitaa, alikuja mchukuzi mmoja, Melchior, anatafuta mwanawe aliyepotea, akasema, "Andika, mzee: mutoto wangu Callixte, mwenye anachechemea mguu wa kushoto." Alikuwa ananuka samaki na alikuwa na maneno mengi. Nikajisemea huo mguu ni pambo tu, hata mikato haustahili, nikauacha, nikachomoa karatasi, nikamwambia nenda.

Majibu yakaja kutoka ofisi ya wakimbizi kwamba Callixte, jina hilo na umri huo, amezikwa kambini. Melchior akaweka matanga, akaacha kutafuta, na mwaka haukuisha naye akafa. Kisha Callixte akarudi kutoka Kigoma, anachechemea. Miaka miwili alikuwa akingoja mtu wa kwao aje kumuulizia.

Wapumbavu wote niliowacheka maishani, hakuna hata mmoja aliyenifikia mimi. Na nikaongeza woga juu ya upumbavu, kwa sababu kila nilipomwona kijana yule nilipita njia nyingine.

Sasa Yaseen, ondoka, nenda bandarini, Callixte anafanya kazi ya baba yake huko, ukamwombe radhi kwa ajili yangu. Usimwambie ilikuwa vita, wala usimwambie mzee alikuwa amechoka. Mwambie, "Baba yangu alisikia vizuri, akayaacha maneno ya baba yako kwa dharau." Akikataa, usibishane naye, ana haki yake, na msibani kwangu asisimame mtu kusema Thabit ameondoka bila haki ya mtu shingoni.

Houda, nishike mkono. Mungu awape... awape subira ya kumsikiliza mtu mpaka amalize, mimi alininyima, au nilikataa kuipokea. Awaridhie, nami nimewaridhia.

Bado umesimama, Yaseen? Nenda. Nitajaribu kukungoja.