Keremkerem wa Shamba la Mtoni

Letisia, iweke hiyo simu hapa karibu na mdomo, maana sauti yangu haifiki mbali tena. Sikilizeni, wanangu wawili, wewe Letisia uliyekaa hapa kitandani pangu, na wewe Beda uliyeko Mikumi, ambaye utaisikia sauti hii bila kuniona uso. Mimi mama yenu Hildegarda sioni kama nitaifikia Pasaka, na yaliyomo moyoni sitaki kwenda nayo.

Baba yenu Simoni alipofariki aliniachia shamba la mtoni hapa Kidete, alilolifyeka kwa mikono yake siku za mapumziko ya kazi ya reli. Ninyi mlikuwa mmeshaanza maisha yenu. Nikawa nashinda kule kulinda mahindi nyani wasiyamalize, na siku nyingine nilirudi nyumbani sijatamka neno tangu asubuhi. Hapo ndipo nilipoanza kuwatazama keremkerem, wale ndege wa kijani wenye koo jekundu wanaokula nyuki, ambao hutoboa mashimo kwenye ukingo wa mchanga na kutagia humo. Yule mpiga picha wa Kilosa alipofunga studio yake, nikanunua kamera yake, watu wakanicheka, eti mjane anapiga picha ndege. Niliwaacha wacheke. Nilijua jozi ipi inalala shimo lipi, na nani kati yao ni mvivu wa kulisha. Ndio waliokuwa jamaa zangu, nasema hivyo bila kumlaumu mtu.

Beda, asubuhi ile ya mwezi wa tisa unaijua, lakini dada yako hajawahi kuisikia kutoka kwangu. Nilikuta lori limesimama juu ya ukingo, vibarua wanne wameshika makoleo, na wewe unawaonyesha pa kukata mchanga wa kuuza. Mashimo kama kumi yalikuwa yameshaporomoka. Nikakwambia, "Beda, humo ndani mna vifaranga." Ukasema, "Mama, huu ni mchanga tu." Nikakuomba wiki tatu wapate kuruka. Ukanijibu kwamba lori ni la watu, haliwezi kungoja ndege. Sikubishana tena. Nilikwenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji, kwa kuwa kuchimba kando ya mto kulikuwa kumekatazwa, na yule bwana akaweka kalamu chini, akaniuliza, "Mama, una hakika? Huyu ni mwanao." Nikamwambia, "Andika."

Ukalala mahabusu Kilosa siku kumi na mbili. Ulipotoka ulisimama hapo mlangoni, hukuingia. "Shikamoo, mama. Nimefuata nguo zangu. Wewe baki na watoto wako wa mtoni." Nikaitikia marahaba, na tangu siku hiyo, miaka sita sasa, hatujasemezana.

Nipe maji kidogo, Letisia. Haya.

Sasa sikieni nisilowahi kumwambia mtu. Masika yaliyofuata mto wetu Mkondoa ulifurika, ukaubeba ukingo wote niliokuwa nautetea, na ndege wakatoweka. Nilisimama kwenye tope nikajiona nimempoteza mwana na ndege pia. Lakini mwezi wa tisa ulipofika nikasikia sauti zao upande wa juu, nikapanda, nikawakuta wanatoboa ule ukuta ulioachwa na makoleo yenu, Beda, pale ambapo maji hayakufika. Mashimo kumi na manane. Nilicheka peke yangu, kisha nikageuka nimwambie mtu, na hakukuwa na mtu.

Nikapiga picha, nikapanda basi hadi Mikumi nayo kwenye bahasha. Nilikuona ng'ambo ya barabara, unaziba pancha huku unataniana na madereva, umenenepa kidogo. Malori yalikuwa mengi, nikasema yakipungua nitavuka. Yalipungua, nami sikuvuka. Nilirudi na basi lililofuata, wala hukujua kwamba nilifika.

Basi huu ndio wosia wangu. Nyumba hii ni yako Letisia, na kamera ni yako. Picha zilizomo sandukuni zipelekwe shuleni watoto wazione, nyuma nimeandika tarehe na mahali. Mnizike hapahapa kando ya Simoni. Shamba la mtoni nampa Beda, lote, pamoja na ukuta wake. Najua watu watashangaa, waacheni. Wala sikuwekei sharti, mwanangu, uwe unalima au hulimi. Nakuomba tu, ndege wakirudi, kaa pale siku moja kutwa, uwatazame wanavyolisha. Baada ya hapo fanya utakaloona.

Sijutii kuwatetea. Vifaranga walikuwa hai, na niliwasikia chini ya mchanga. Ninachojuta ni kwamba nilikwenda ofisini kabla ya kukuita kando, tukae chini, mimi na wewe, kama mtu na mwanawe. Hukuwa adui. Ulikuwa na watoto wa kulisha, nami sikukuuliza hata hali. Hilo nilikosa, nisamehe.

Pumzi... ngoja. Mungu awatunze. Akutunze wewe, Letisia, uliyenishika mkono. Akutunze, Beda, na watoto wako nisiowaona, wakue, wawe na mtu wa... wa kuzungumza naye.

Imeingia yote? Haya. Mpelekee leo, Letisia. Usingoje matanga.