Wilbroad na Mashine Iliyopona Kila Alipofika

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kuinamia mashine zisizomshukuru, fundi wetu Wilbroad Kapaya anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Mgongo wake ulistaafu zamani. Sasa mwenyewe anaufuata.

Alikuja Ukumbi wa Hamoud hapa Ng'ambo akiwa kijana mwembamba, ameitwa kubadilisha balbu ya mlangoni. Akaziona zile mashine nne za golori alizozileta marehemu baba yake Hamoud kwa treni: meza yenye kioo juu, golori ya chuma, mikono miwili ya kuipiga, kengele, na taa za kutosha harusi mbili. Balbu akaisahau. Mpaka leo pale mlangoni watu wanapapasa.

Sifa zake ni nyingi, tutataja chache asije akavimba kichwa. Ukimuuliza swali leo, jibu utalipata wiki ijayo. Kadi ya mwaliko usimpe: huikata vipande vyembamba na kuvipitisha kati ya vibati vya swichi kutoa uchafu. Levina wa kaunta alimpa kadi ya harusi ya bintiye asubuhi, na kabla ya jioni mashine ya tatu ilikuwa imeshaila. Siku ya sherehe akazunguka Ipuli nzima akitafuta ukumbi.

Lakini kilichompa jina ni mashine ya pili. Ilikuwa inazimika katikati ya mchezo, golori ikiwa bado inakimbia. Akiitwa Wilbroad, inawaka kama haijawahi kuugua. Akirudi nyumbani, imezimika tena. "Fundi, inakuogopa hiyo," wachezaji wakamcheka. "Hamia hapa ulale nayo!" Wengine wakasema ina jini, tena jini mvivu. Hamoud akachoka. Akatangaza kwamba isipopona kabla ya Idi, mashine zote zinakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu na ukumbi unakuwa ghala la mpunga. Hapo vicheko vikakatika, maana ugali wa nyumba nyingi ulikuwa unatoka humo ukumbini.

Sasa Hamoud ni mtu wa adabu zake. Fundi akiingia, mashine inazimwa, kioo kinafutwa, wachezaji wanasimama pembeni, na fundi anakalishwa kwa kahawa na tende. Kisha anaulizwa hali ya mke, ya watoto, ya shamba la Ntalikwa, ya mbuzi. Wilbroad naye, kwa upole wake usio na faida, alijibu mpaka habari za mbuzi wa mwisho. Ilimchukua miezi kuelewa kwamba mashine ilikuwa inaugua ikiwa na joto, na kahawa ndiyo iliyokuwa inaipoza.

Alipoelewa, akaingia bila hodi. Hakusalimia mtu. Wazee wakabaki na marahaba zao mdomoni. Akamwambia Faris aliyekuwa anacheza, "Usiache! Cheza!" Hamoud akainuka na birika lake: "Wewe Wilbroad, umelelewa wapi?" Hakusikia. Akafungua kifuniko cha nyuma mashine ikiwa inawaka, akachukua mwiko wetu wa jikoni bila kuomba, akawa anagonga nyaya na mpini wake, polepole, moja baada ya nyingine. Kwenye plagi kubwa ya chini, tok! Taa zote zikazimika. Akagonga tena, zikawaka. Lehemu iliyoushika waya pale ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ikipata joto inaachia, ikipoa inashika. Akazima umeme, akalehemu upya.

Kisha akanawa mikono, akatoka nje, akaingia upya kwa hodi, akasalimia wote kuanzia mkubwa wao. Hamoud alinuna kwanza kwa ajili ya kahawa, halafu ndipo akamkumbatia. Mwiko hatujarudishiwa.

Wilbroad, unakwenda Ntalikwa kulima pamoja na mkeo Advera, ambaye tumeshampa pole. Idi ile ilipita, zikaja nyingine nyingi, na ghala la mpunga hatujaliona. Watoto wetu wamelelewa, wamekua, wengine wameoa, kwa kazi ya humu ndani. Hilo hatulifanyii utani: asante, baba. Lala mchana bila aibu. Mungu akupe magoti yasiyouma na mvua inayokuja kwa wakati. Ukituchoka, tutaelewa. Ukitukumbuka, njoo kabla ya saa saba, wali huisha, na sisi hatumwekei mtu.

Wewe tutakuwekea.

Bibi Koleta, kwa niaba ya jikoni na kaunta