Mama Pasi Aturudishia Maombi Yetu

Ijumaa hii, tarehe 28, msimamizi wa zamu ya asubuhi katika chumba cha kufulia cha hospitali yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Sote tunamwita Mama Pasi. Nimeombwa niandike wasifu mfupi wenye furaha. Ufupi nitauweza.

Alianza kwa kukunja mashuka, akawa mpiga pasi, kisha msimamizi. Katika miaka yote hiyo shuka bichi halikutoka mikononi mwake kwenda wodini. Siku moja ya ukaguzi alirudisha mashuka mia mbili kwenye mashine kwa sababu yalinuka dawa. Wakubwa wakasubiri mlangoni, naye akawauliza kama wamekuja kumsaidia kukunja.

Kila siku, saa moja kasorobo, kabla mashine hazijawashwa, alifungua Biblia kwenye meza ya pasi. Zaburi moja, kimya kidogo, sala, basi. Robo saa tu. Jumatano alifunga, nasi tukagombania sahani yake ya mchana bila hata aibu. Mlango ulikuwa wazi kwa yeyote. Waliowahi kuingia wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na kidole gumba kinabaki.

Sisi wengine tulikuwa na ujanja wetu: vikaratasi. Mtoto anaumwa, kikaratasi. Ndoa inayumba, kikaratasi. Tulivisukuma chini ya meza yake, tukaenda zetu kunywa chai. Mimi ni mtunza stoo ya mashuka. Mlango wangu unatazamana na wake, hatua nne. Kwa miaka tisa nimemwandikia aniombee niache pombe, na kwa miaka tisa hatua hizo nne zilinishinda. Roho ilinikauka, nami nikangoja mtu mwingine aninywee maji.

Jumatatu iliyopita ndipo nilipochemka. Kamati ya sherehe ilimkabidhi zawadi, na juu ya zawadi boksi lenye maombi yetu arobaini na moja, eti akatuombee huko nyumbani. Mtu anakwenda kupumzika, tunamfungashia kazi! Na kwenye ratiba wamemwandika "mlezi wetu wa kiroho." Amemlea nani, na ni nani kati yetu aliyekubali kulelewa? Nimekasirika, na hasira yangu inaanzia kwangu, maana kikaratasi changu kilikuwa cha juu kabisa.

Naye alikasirika. Sikuwahi kumwona hivyo. Alizunguka chumba kizima akimrudishia kila mtu karatasi yake. Alipofika kwangu alisema, "Nimekuombea miaka tisa, mwanangu. Mungu hana haja ya mkalimani. Ingia mwenyewe." Akaniwekea mkononi ufunguo wa chumba cha pasi.

Mama, tunakushukuru kwa mashuka makavu, kwa Zaburi tulizozisikia kupitia ukuta, na kwa sahani za Jumatano, ambazo tulikula bila kukuambia asante. Wenzangu, karatasi zenu mnazo. Jumatatu, saa moja kasorobo, nitafungua mlango. Zileteni kwa miguu yenu na mziseme kwa midomo yenu. Asipokuja mtu, nitasoma peke yangu.

Nenda salama. Mungu akupe siku nyingi, usingizi mzuri na magoti yasiyouma. Na usituombee tena, Mama. Zamu hii ni yetu.