Nyota Iliyotembea Juu ya Uvira

Mheshimiwa Mchungaji André, uliyetufungulia ukumbi huu wa kanisa, wazee wa jumuiya yetu hapa Malvern, ndugu zetu Warundi na Watanzania mliotoka Turffontein na hata Midrand, wageni waalikwa, akina mama ambao tangu jana hamjatoka jikoni, na wewe Arlène, mhitimu wetu: nawasalimu wote kwa heshima.

Nimepewa nafasi hii kwa sababu mimi, Anatole, ni mdogo wake yaya Jeannine, dada yangu mkubwa, na yaya Jeannine ndiye bibi yake Arlène. Nilijiandaa kusema juu ya bidii na masomo. Lakini tangu Jumapili iliyopita kichwa changu hakijatulia, na sijui kama nimesimama hapa kumpongeza mjukuu au kuuliza maswali. Mtanivumilia nikienda mbele na kurudi nyuma.

Wengi wenu hamjui nilivyozaliwa. Baba wa yaya Jeannine aliitwa Sosthène, dereva wa lori kule Uvira. Julai ya 1960, nchi imepata uhuru juzi tu na askari wameasi, lori lake lilichomwa kwenye njia ya Bukavu. Mdogo wake, Théodore, akaleta habari kwamba kaka yake ameuawa. Watu wakalia, matanga yakakaliwa yakaondolewa. Mwishoni mwa Mei ya mwaka uliofuata, mama akanizaa mimi.

Hesabu mnaweza kuifanya wenyewe. Ukoo nao uliifanya.

Mama alisema mumewe hakufa. Alirudi kwa kujificha mwezi wa nane, akakaa siku chache ndani ya nyumba, kisha akavuka ziwa kwenda Burundi, asionekane tena. Nani angemwamini mjane mwenye mimba? Shahidi wake alikuwa mmoja tu, yaya Jeannine, mtoto wa miaka saba. Naye alisema nini? Alisema giza lilipoanza kuingia, baba alitoka uani kunawa, akamwonyesha nyota inayotembea. Iling'aa kupita nyota zote, na ilikwenda polepole, hata baba akapata muda wa kuingia ndani kumwita mama, mama akatoka, na wote watatu wakaitazama mpaka ikapotea.

Baba mdogo Théodore alicheka mbele ya wazee. "Nyota haitembei," alisema. "Huyu mtoto ameota, au amefundishwa na mama yake."

Yakaishia hapo. Mama alirudishwa kwao, nami nikapewa jina la babu mzaa mama. Mpaka siku anakufa alikuwa akiniambia, "Anatole, baba yako ni Sosthène." Nilimsikia, lakini sikujua neno lile niliweke wapi.

Sasa, Jumapili. Tulikuwa kwa yaya Jeannine, hapo Jules Street, naye yuko kwenye cherehani yake. Arlène akawa anatueleza alichosoma. Kiswahili chake mnakijua, kinakuja na Kizulu na Kiingereza ndani yake, lakini siku hiyo alijitahidi kwa ajili yetu. Alisema mwaka 1960 Warusi na Wamarekani walikuwa wanashindana kurusha vitu angani vizunguke dunia. Warusi walipeleka mbwa wawili, wakarudi wazima. Wamarekani walirusha puto kubwa kama jengo la ghorofa, ngozi yake inang'aa kama kioo, ili mawimbi ya redio na simu yaligonge yarudi chini.

"Na watu waliliona kwa macho tu, babu," alisema. "Nchi nyingi sana. Kama nyota, lakini inatembea."

Cherehani ikanyamaza.

"Liling'aa kuliko nyota zingine?" yaya aliuliza.

"Kuliko zote, koko," akamjibu bibi yake.

"Polepole?"

"Polepole sana. Lilikuwa juu mno."

"Lilirushwa mwezi gani?"

"Agosti."

Nikaingilia, maana sikutaka kujidanganya. "Hakikuwepo kitu kingine kabla yake? Juni, au Julai?"

Arlène akafikiri. "Vilikuwepo, babu. Vidogo, vinapita haraka. Cha kung'aa hivyo na kwenda taratibu hivyo, hapana. Eish, mbona mnaniangalia?"

Hatukuwahi kumweleza. Yaya Jeannine aliinamisha uso juu ya kitambaa, akasema kwa sauti ndogo, "Niliwaambia. Mimi niliwaambia."

Ndugu zangu, mtu aliyeuawa Julai hawezi kumwonyesha mtoto nyota ya Agosti. Nifurahi? Théodore alisema uongo makusudi, au aliona maiti ya mtu mwingine kando ya lori? Alibaki na kiwanja cha kaka yake, ndiyo. Lakini waliokuwepo wanasema alimlilia kweli, akakonda. Nimkasirikie nani, na wote wako kaburini? Na baba, kama alivuka ziwa akiwa hai, kwa nini hakurudi? Alijua kwamba nipo? Maisha yangu yote nilikuwa mtu asiye na baba, nikazoea. Leo ninaye, na simwelewi.

Arlène, chuo kimekupa digrii kwa mitihani uliyofanya. Mimi nakusifu kwa lingine: umemtetea mwanamke ambaye hukumwona, mbele ya watu waliokufa kabla hujazaliwa, bila hata kujua kwamba unamtetea. Mama yangu hakusema uongo. Mengine yote bado yananichanganya, lakini hilo nimelishika, na sitaliachia.

Asubuhi hii Mchungaji aliniuliza hapo mlangoni anitangaze kwa jina gani. Nikafungua mdomo, nikaufunga, akaniacha kwa upole, akanitangaza Mzee Anatole tu. Sasa nakujibu, Mchungaji, mbele ya hawa wote. Mimi ni Anatole, mwana wa Sosthène.

Nimelitamka, na bado linanikaa kinywani kama jina la mtu mwingine. Nitalizoea. Yaya, usilie, simama, umshike mjukuu wako mkono, watu wawaone.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia na kunipa masikio yenu.