Mwimbaji Asiye na Waitikiaji

Huko ulikokuwa unaimba, nani alikuwa anakuitikia?

Swali hilo aliniuliza mama yangu mdogo tukiwa tunageuza usipa, dagaa wetu wa ziwani, kwenye vichanja vya kuanikia, wiki ile niliporudi nyumbani ziwani kutoka chuo. Sikumjibu. Sauti ya kumjibia sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo, jibu lenyewe sikuwa nalo.

Ndugu zangu, mama zangu wa kwaya, na nyinyi wadogo zangu mnaongoja kwenda vyuoni, ambao ndio sababu ya mimi kuitwa hapa Mbinga leo. Mratibu wa semina hii aliniomba nitoe ushuhuda wa binti aliyepotea mjini. Nikamwambia sikupotea. Njia zote za Mbeya, mji niliosoma, nilizijua, pamoja na za mkato. Akaniomba basi angalau nimtaje Shetani. Nikamwambia huyo sikumwona. Niliyemwona alikuwa kiongozi wa bendi, mtu wa adabu kabisa, anavaa miwani na anakunywa chai ya maziwa. Mkienda huko mkitafuta pembe na mkia, mtamkuta mtu kama yeye na mtamwita kaka.

Naona wengine mmeshatoa vitambaa vya kufutia machozi. Virudisheni kwanza.

Wengi wenu mmetoka huku milimani, kioda mnakiona kwenye sherehe tu. Kwetu ziwani ni ngoma ya wanawake. Mmoja anaanzisha wimbo, wenzake wanaitikia. Mimi nilianza kuanzisha nikiwa na miaka kumi na nne, kabla hata sijaruhusiwa kukaa na wakubwa wakati wa kula. Na nilifundishwa jambo moja: tupa sauti mpaka uisikie ikirudi. Wenzako wakichelewa kuitikia, ongeza. Mwanzishaji hajisikilizi mwenyewe, anasikiliza kinachorudi. Liwekeni akilini hilo, maana ndilo lililoniumiza.

Chuoni nilisoma sosholojia. Mwaka wa kwanza, mwenzangu wa chumbani akaniambia kuna bendi inatafuta mwimbaji, ile inayopiga kila Ijumaa kwenye ukumbi ulio jirani na mabweni. Nikaenda kujaribiwa saa tisa alasiri, nimevaa kandambili. Niliimba wimbo mmoja, kiongozi wa bendi akavua miwani, akaifuta, akasema, "Wewe ndiye." Nilikuwa na miaka ishirini. Niambieni nani katika umri huo anaambiwa yeye ndiye halafu anauliza, ndiye wa nini?

Sasa nawaambia jinsi mambo yale yalivyo, maana mabango yao hayatawaambia. Bango linasema muziki wa moja kwa moja. Nusu ya muziki huo inatoka kwenye kompyuta. Tarumbeta mnazozisikia hazina mpulizaji. Kinanda kina mpigaji, lakini vidole vyake vingine ni mapambo. Wasichana wanaingia bure mapema, na mkidhani huo ni ukarimu, jiulizeni kwa nini wavulana hawakaribishwi hivyo. Wasichana ndio bidhaa, wanapangwa mbele ili wengine wavutiwe kuingia. Mhadhiri wangu mmoja alikuwa anauita mchezo huo utamaduni wa vijana, akauandikia makala. Nilimuuliza darasani, utamaduni gani ambao vijana wenyewe hawaamui hata wimbo wa kupigwa? Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

Na watu waliokuja kusikiliza hawakusikiliza. Walinyanyua simu. Kwenye kioda, mtu asiyeitikia anasukumwa kwa bega hadi aitikie au atoke. Kule nilikuwa naimbia ukuta wa vioo vidogo vinavyowaka, na kila mwenye kioo anajitazama mwenyewe.

Jukwaani kuna spika inayomgeukia mwimbaji, ili ajisikie. Yangu ilikuwa mbovu. Nilimwambia kiongozi mara ya kwanza, akasema itatengenezwa. Nilipomwambia mara ya pili, akaniuliza mbele ya wenzangu kama nimeajiriwa kuimba au kuwa fundi umeme. Wakacheka, nami nikacheka. Ndugu zangu, nawaambia, cheko lile ndilo ninalolijutia kuliko pombe niliyokunywa baadaye.

Basi nikafanya kosa ambalo mwanamuziki wa mjini asingelifanya. Yeye angenyamaza hadi spika itengenezwe. Mimi mtoto wa kioda nilipoona hakuna kinachorudi, nikaongeza. Ijumaa baada ya Ijumaa nikaongeza. Koo likawaka, mwimbaji mmoja wa zamani akanionyesha dawa yake: tangawizi, asali na pombe kali. Baada ya muda tangawizi tukaisahau, na asali ikafuata.

Mwaka wa pili, asubuhi moja, nilisimama kuwasilisha kazi yangu darasani. Nikafungua mdomo, ukatoka upepo. Nikajaribu tena, upepo. Mwenzangu wa chumbani akainuka, akanipokonya karatasi, akaisoma yote kwa niaba yangu kama vile tulipanga hivyo. Nimeambiwa nisitaje majina. Huyo namshukuru bila jina.

Hospitalini, daktari aliniingiza kamera ndogo kooni akanionyesha kwenye skrini. Nyuzi zangu za sauti zilikuwa na vinundu, kama kamba ya wavu iliyopigwa mafundo. Aliniambia niache kuimba siku ile ile, nikae kimya wiki sita, nisinong'one hata jina langu. Nikiendelea, alisema, vinundu vitakuwa makovu, na makovu hayana dawa. Kwa hiyo nilijua. Hakuna aliyenificha. Kilichokuwa mezani ni sauti yangu, si ya kuimbia tu, ya kuitia mtoto nitakayezaa siku moja na ya kuombea maji nikiumwa.

Mimi ni mtu wa kuhoji. Nilimhoji daktari. Nilijiambia huyu mtu wa mashine anajua nini kuhusu kuimba? Na ushahidi nilikuwa nao: mchana nilikuwa na sauti ya jogoo mwenye mafua, lakini Ijumaa nikisimama jukwaani, naisikia kwa mbali kutoka kwenye spika za ukumbini, safi kabisa, ikirudi kwangu. Nikaamini koo linapona likipata moto. Hivyo ndivyo nilivyoendelea kwa miezi mitatu. Nilihoji dini, nikahoji serikali ya wanafunzi, nikahoji mhadhiri na daktari. Kitu pekee ambacho sikukihoji ni kile kilichonifurahisha.

Mwisho wake ulikuwa mchana, kwenye mazoezi. Nilikuta msichana wa mwaka wa kwanza ameshika kipaza sauti. Kiongozi wa bendi, na miwani yake, aliniambia kwa upole kwamba mashabiki wanapenda sura mpya. Nilitaka kumtukana. Nilikuwa na tusi zuri sana la Kinyasa. Halikutoka. Yule msichana akaniamkia kwa heshima, nami nikashindwa kumwambia akimbie.

Nikaomba chuo kiniruhusu kuahirisha mwaka, nikarudi ziwani na karatasi ya daktari: kimya, safari hii miezi miwili.

Hebu fikirini, nyinyi mliozaliwa huku. Msichana kasoma chuo kikuu. Anashuka kwenye basi, anapita mbele ya wazee, hasemi shikamoo. Nilikuwa nikipiga goti kidogo na kuinamisha kichwa, wakaona ndiyo maringo yenyewe, sasa anatuamkia kama mzungu wa kwenye sinema. Siku ya tatu kijiji kizima kilijua elimu imenipanda kichwani. Mzee mmoja alimfuata mama hadi shambani kumwambia kwamba mtoto wake hajafa ila adabu yake imezikwa. Mama akalia. Karatasi ya daktari ilikuwa ya Kiingereza, na nani pale angeisoma?

Mimi nikajifungia ndani. Nawaambia ukweli, wiki ile nililitazama ziwa kwa namna ambayo mtu hapaswi kulitazama. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Ndipo mama mdogo akaja. Msimdhanie kuwa mwenye hekima nyingi. Ni mwanamke mgomvi, anauza usipa, na amegombana na nusu ya soko. Nikamwonyesha koo kwa kidole, akanishika mkono, akanitoa nje, tukapita njia ileile inayopita mbele ya wazee. Akasimama mbele yao akasema kwa sauti ya sokoni:

"Shikamooni. Hii ni yangu. Shikamooni. Hii ni ya huyu mtoto, koo lake ni bovu, kanituma mimi."

Wazee wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuona shikamoo ya kutumwa. Mmoja, yule yule aliyemfuata mama shambani, akafikiri kidogo, akasema, "Marahaba. Na wewe marahaba." Akauliza kama samaki wa kutumwa nao wapo. Wakacheka, mama mdogo akamwambia aje sokoni na mkoba wake, asitume mtu.

Kwa miezi miwili alinibebea shikamoo. Kila njia, kila mzee, moja yake na moja yangu. Mimi niliyesoma nadharia za jamii kwa Kiingereza sikuwa nimewahi kufikiri kwamba salamu inaweza kubebwa na mtu mwingine kama ndoo ya maji.

Baadaye akanipeleka kwenye kioda, akaniweka mwisho wa mstari, nicheze kwa miguu tu. Wale mama hawakunionea huruma. Siku ya kwanza walinitungia wimbo, maana yake msomi wetu kameza vitabu vimemkwama kooni, nani ana mafuta ya mawese amsukumizie. Nilikasirika hadi nikacheza vizuri. Siwapambii: kioda nacho kina ukatili wake, na kuna wanawake wameukimbia kwa sababu ya nyimbo kama ile. Lakini siku hiyo hiyo nilimwona mwanzishaji, mama wa miaka sitini na kitu, akibanwa na kikohozi katikati ya wimbo. Wenzake hawakumngoja. Waliingia mapema, wakauchukua wimbo, wakauzungusha hadi alipotema na kupumua, kisha wakamrudishia. Hakuna aliyenyanyua simu. Utotoni nilifundishwa kutupa sauti hadi irudi. Nilikuwa sijaona kwamba anayeirudisha anakutazama koo.

Hapo ndipo nilipolipata jibu la swali la mama mdogo, lile la nani alikuwa ananiitikia. Nilikaa naye vichanjani, miezi miwili ikiwa imeisha, nikatoa neno langu la kwanza, bovu kama mlango wa zizi: "Hakuna."

Akasema, "Nilijua. Shika upande huo tugeuze."

Nilirudi chuoni mwaka uliofuata, nikamaliza. Sasa nafundisha sekondari. Sauti mnayoisikia ndiyo iliyobaki, nzito na yenye mchanga, na noti za juu hazitarudi. Sikupata muujiza, mratibu anisamehe. Nimepona kiasi cha kuweza kusimama hapa, na cha kuitikia. Kuanzisha nimewaachia wengine.

Namshukuru aliyesoma karatasi yangu. Namshukuru daktari niliyemdharau, na yule mzee aliyekubali kupokea salamu ya kutumwa wakati angeweza kukataa. Mama mdogo yuko pale nyuma, anasinzia. Msimwamshe, atadai nauli.

Wadogo zangu, siwaambii msiende kwenye muziki. Mtakwenda tu. Nawaambia hivi: mahali ambapo huisikii sauti yako, usiongeze sauti. Nyamaza kwanza, uone nani atageuka kukutazama.

Limebaki jambo moja, na sikulijua nilipokuwa nikipona. Nililijua miaka miwili baadaye, pale aliyekuwa fundi mitambo wa bendi ile alipokuja Mbamba Bay, kule kwetu ziwani, kufunga spika za harusi. Tulisalimiana vizuri, akaniletea soda. Akalitaja kwa kupita tu, akidhani nililijua siku zote. Miezi ile mitatu ya mwisho, kwa amri ya kiongozi, kipaza sauti changu kilikuwa kimezimwa. Sauti safi iliyokuwa ikisikika ukumbini ilitoka kwenye kompyuta, na ilikuwa yangu ya mwaka wa kwanza.